Kizingiti cha Jikoni

Kila mwisho wa mwezi daftari linafika Mwanza
limefungwa kwa mpira wa baiskeli,
linanuka moshi na dagaa,
na mimi, Minza, mtaalamu wa maji
mwenye kiti kinachozunguka,
naligeuza kuwa tarakimu.

Saa tatu asubuhi: mita moja, nukta nne mbili.
Saa tisa alasiri: mita moja, nukta nne mbili.
Miaka ishirini na sita Luhende Shagembe anashuka mtoni
kwa posho isiyotosha buti la mguu mmoja.
Siku aliyomzika mama yake, saa tatu ipo.
Saa tisa ipo pia,
mwandiko umelala kidogo.

Rula yetu ya chuma imesimama pale
mto Simiyu unapojisahau na kuwa ziwa.
Mto huo unatoka mbali, mbugani,
umekorogwa na kwato.
Mwaka mwingine unafika mchanga mtupu,
mwaka mwingine unakuja na mti mzima, mizizi juu.
Zamani tulisema: masika, kiangazi.
Siku hizi nasema: ngoja kwanza nione daftari.

Mwezi wa nne ulikuja na kurasa zilizovimba.
Tarehe tisa: mita tatu kamili. Mwisho wa rula.
Tarehe kumi: *Rula haionekani. Maji yapo kwenye minyaa.*
Kumi na moja: *Yamepita banda. Mbuzi wapo kwa shemeji.*
Kumi na nne, saa tisa:
*Yamefika kizingiti cha jikoni.
Yamesimama. Kama yanabisha hodi.*

Kompyuta haijui hodi.
Ukiiandikia kizingiti inakutolea wekundu.
Panapokosekana kipimo, kanuni inasema,
weka hasi tisa tisa tisa,
maana yake: hakuna aliyeona.
Kidole changu kilishagusa tisa ya kwanza.

Lakini aliona.
Aliona akiwa ndani humo humo, suruali imekunjwa,
kalamu mdomoni, daftari juu ya dari.

Basi nikachukua gari la ofisi,
darubini ya kupimia usawa na miguu yake mitatu,
na Bugumba wa kushika rula ndefu.
Maji yalikuwa yameshuka,
yameacha mstari wa tope kuzunguka nyumba
kama mkanda wa mtu aliyekonda.
Kamongo alikutwa ndani ya kinu,
hai, hana haraka.

Nyanzobe, mwenye jiko, ndiye aliyetuonyesha.
"Siyo hapo. Hapo ni Jumamosi.
Jumanne ni hapa," akakanyaga.
Nikachungulia: kizingiti, ufa wake,
kisigino chenye magaga.
Mita nne, nukta moja saba.
Bugumba akapaka alama nyekundu kwenye mwimo wa mlango.

Mama akaitazama rangi ile.
"Kwa hiyo jiko langu sasa ni la serikali?"
Hapana, mama. Ni rula tu.
"Na rula hailipwi posho?"
Luhende akacheka hadi akakohoa.
Nami nilicheka, ila ombi nimeliandika;
lipo mezani kwa mhasibu,
limewekewa kikombe cha chai juu yake.

Usiku, ofisini, nikaingiza nne nukta moja saba.
Kompyuta ikameza bila kuuliza.
Mchoro ukapanda, kilele kimoja chembamba,
na najua watakaokisoma wataanza na hesabu:
hutokea mara moja katika miaka mingapi?
Hata mimi nimeanza kupiga hesabu hiyo,
na kila nikiipiga miaka inapungua.

Pembeni kuna safu ya maelezo, haina wasomaji,
inaruhusu herufi sitini na nafasi zake.
Nikaandika:
*Yameonwa kutoka jikoni. Mbuzi wapo kwa shemeji.*
Zikabaki kumi na tatu.
Nikaziacha wazi.