Bila Kuathiri Madai

Mwezi wa tatu Songwe ulihama tena.
Haukuaga. Ulijigeuza usiku kama mgonjwa kitandani,
na kulipokucha, nusu eka ya mpunga wa bibi Tupokigwe
ilikuwa imeamkia Malawi.

Mimi nilikuwa Viena, mwaka wa pili,
Diplomasia na Usalama wa Kimataifa,
chumba cha ghorofa ya tano, hita inayokohoa,
nikikariri: mpaka ni mstari uliokubaliwa.
Profesa aliuchora ubaoni kwa rula.
Nilitaka kuuliza, na mstari ukiwa unapenda kuogelea?
Kijerumani kikanikwama.
Nikaandika pembezoni mwa daftari: mpunga wa bibi.

Mwisho wa Juni nikateremka Kasumulu na begi la magurudumu
ambalo tope la Kyela lilikataa kulitambua.
Mpunga ulikuwa umepitiliza, unapukutisha punje;
hakuna aliyethubutu kuutia mundu,
maana mkono ulioupanda ni wa bibi
na udongo uliousimamisha sasa ni wa Mwenifumbo wa ng'ambo.

"Si wewe unayesomea mambo haya?" bibi akasema.
"Haya. Kaa hapo. Andika."

Walikaa juu ya gogo la mchikichi,
lugha moja, kikopo kimoja cha ugoro,
na kabla ya ajenda wakataja misiba:
nani kazikwa huku, nani kazikwa kule,
nani hakuzikwa vizuri.
Saa nzima. Vitabuni mwangu sehemu hiyo haipo,
au ipo na inaitwa hatua za kujenga imani.

Kisha, haraka kama watu wanaochelewa sokoni:
bibi avune, magunia mawili yabaki ng'ambo,
majani yawe ya ng'ombe wa Mwenifumbo,
msimu ujao Mungu anajua.

Nikaandika. Na mkono, kwa mazoea ya darasani,
ukaongeza wenyewe mstari wa mwisho:
Makubaliano haya hayaathiri madai ya upande wowote.

Nikawasomea. Bibi akakunja uso.
"Hiyo inasema nini?"
"Kwamba hamjasema shamba ni la nani."
"Tumekaa tangu asubuhi ili tusiseme? Futa."

Nilikwisha kushika kalamu.
Mwenifumbo alikuwa akichora chini kwa kijiti,
akafuta alichochora kwa kisigino.
"Iache, mama. Wanangu wataniuliza
nimeuza au nimepokonywa.
Na mstari huo naweza kufika kwangu
nikiwa na uso."

Bibi akamtazama.
Akanitazama na mimi, mara ya kwanza tangu nirudi,
kama mtu aliyekuta kitu ndani ya begi lile.
"Ndaga," akasema. Sijui alimwambia nani.

Wakatia dole gumba kwa tope, nakala mbili.
Yetu ipo nyuma ya picha ya kipaimara.

Usiku ilinyesha huko juu, milima ya Ileje.
Bibi aliamka mara mbili,
akatoka na tochi kuelekea mtoni,
akarudi, akalala, hakusema kitu.