Jeshi la Chubwi

Nimeketi ghorofani,
Kuze, mlango wa ndani,
na taa iko mezani,
vita nimekusudia.

Usidhani nina panga,
bunduki ama mizinga;
jeshi langu nalipanga
juu ya hili sinia.

Urefu wao kidole,
wenye pinde na mishale,
Wakushi wa enzi zile
za Meroe na Nubia.

Kwa chubwi niliwafanya,
dukani nikakusanya,
moto ukazitawanya,
jikoni zikatulia.

Kalibu yangu ya jasi
hupasuka kwa wepesi,
na mguu wa farasi
humo ndani hubakia.

Mwanamkasi huguna:
"Sufuria yangu, bwana!
Ya wali wa nazi jana,
leo watu wapikia!"

Nikapewa kopo langu
lilo kutu na ukungu;
juu darini, na vyungu,
ndiko nilikohamia.

Brashi yangu, nywele tatu,
si ya mlango wa mtu;
kwa ukanda wa kiatu
pumzi naizuia.

Mji huu una chumvi:
risasi hufanya mvi
kama wazee wa jamvi,
wiki ikinipitia.

Na rangi haikauki,
feni nayo siitaki:
hurusha vumbi la chaki,
ndevuni likaingia.

Mchana niko bandari,
naziandika nambari
za makasha ya safari,
jua hunichomelea.

Usiku nina majeshi,
mia mbili na mpishi;
tembo mmoja hatoshi,
wa pili namlilia.

Kandake ndiye mkuu
wa mto Nili wa juu,
na njuga kwenye mguu,
Warumi akawajia.

Nilipofikia macho,
ni kitu niogopacho,
mkono, sina kificho,
ukanitetemekea.

Umeme ukakatika,
brashi nayo ikaruka,
jicho likamfutika,
doa likamvamia.

Nilipotaka kufuta,
na pamba nimeikata,
Badi ndipo akapita,
kitabu kaniletea.

Badi ni Rumi mezani,
fundi wa saa mjini,
ndiye wangu mshindani
Jumatano ikingia.

Warumi wake hupaka
rangi ya kucha, kateka
ya dadake; wanawaka
kama wa kwenda kuoa.

"Soma," akasema, "hapa:
mwandishi wetu aapa
alipigana, kachapa,
kwa jicho moja, sikia!"

Nywele zikanisimama,
nikamshika salama,
naye akanitazama
kwa jicho lilosalia.

Badi hakujua siri:
alidhani mi hodari,
nimesoma ya dahari;
sifa nikazipokea.

Meza yetu ni ubao,
gunia ni jangwa lao,
kanga ndio mto wao;
dadu tukazirushia.

Tembo wangu alivuka,
Rumi wakatawanyika;
dadu mbaya ikafika,
moja, moja, ikatua.

Kandake akauawa,
na kanuni iko sawa:
afaye huondolewa;
koponi akapotea.

Kopo la majani chai,
lina pamba, halijai;
humo wafu huwa hai
wiki mpya ikingia.

Mke jana kalishika,
kifuniko kakiweka.
"Huyu chongo," akacheka,
"mbona anikonyezea?"

Akataka nimpake
pindo la kanga, la kwake,
na maneno yasomeke,
pasipo pa kuyatia.

Ndiyo kazi nifanyayo
saa nane hii; nayo
herufi ya kwanza ndiyo
imeanza kutokea.