Nimesogea

Mama alipiga simu kutoka Opava, Jumapili,
supu ikichemka nyuma yake.
"Umepandishwa cheo?"
Hapana, mama.
"Basi wamekushusha."
Hapana.
"Mshahara?"
Uleule, hadi senti ya mwisho.
Akanyamaza. Nikasikia kifuniko kikigongagonga sufuria.
"Sasa, Květa, umefanya nini?"
Nimesogea, nikasema.
Kama mtu anavyosogea kwenye kiti cha tramu
ili mwingine akae,
ila huyo mwingine naye ni mimi.

Miaka kumi na sita nilikuwa mtu wa kebo
katika kampuni ya maji, Olomouc.
Nilitambaa chini ya sakafu, tochi mdomoni,
na vidole vilijua rangi kabla macho hayajaamka:
nyeupe-chungwa, chungwa,
nyeupe-kijani, bluu,
nyeupe-bluu, kijani,
nyeupe-kahawia, kahawia.
Wengine wana rozari. Mimi nilikuwa na hiyo.

Kisha goti la kushoto likaanza kunilalamikia.
Na mimi, kusema kweli, nilikuwa nimeanza kujiuliza:
haya yote yanayopita usiku kucha ndani ya kebo zangu
huenda kulala wapi?

Hulala mlango wa pili.
Nilihama na kikombe, kiti, na mpungate wangu kwenye chungu.
Hatua kumi na moja. Hynek alizihesabu kwa sauti
akinibebea kiti,
akidai analinda mali ya idara.

Hatua kumi na moja, nikawa darasa la kwanza.
Ctirad ana miaka ishirini na sita,
ndevu zake bado zinashauriana.
Ananifundisha majedwali,
funguo zisizofungua mlango wowote,
na huniambia "polepole" kwa upole unaouma.
Juzi niliandika swali la mistari minne
kuomba mita za mtaa mmoja;
nikaletewa mji mzima, pamoja na marehemu wake.

Kuanza upya si aibu, watu husema.
Watu husema mengi. Aibu ipo.
Inakaa hapa, kati ya sikio na kola,
na ina joto.

Februari, siku ya ankara, mfumo ukagoma.
Nikajua! Ni mtandao!
Nikashuka ngazi mbio, goti likilia,
nikafungua makabati, nikapapasa swichi moja moja,
saa tatu nzima chini kule, mikono ikiwa nyumbani.

Kebo zote zilikuwa nzima.
Kosa lilikuwa langu, juu, mlango wa pili:
jedwali nililolijenga mwenyewe, bila faharasa,
na mashine maskini ikawa inasoma kitabu kizima
kila ilipoulizwa jina moja.

Ctirad hakucheka.
Aliandika mstari mmoja tu, ankara zikatiririka.
Kisha akaviangalia vidole vyangu, vyeusi kwa vumbi.
"Huko chini kukoje?"
Miaka miwili kazini, hajawahi kushuka.

Nikachukua kipande cha kebo, nikakimenya mezani kwake,
kando ya sandwichi.
"Anza na nyeupe-chungwa."
Akaanza vizuri. Ya nne na ya sita akazichanganya;
kila mtu huzichanganya.
"Polepole," nikamwambia,
nikaona wekundu unavyopanda
kutoka kwenye kola hadi sikioni.