Sindano Kwenye Sifuri

Mfuniko haumpi mtu jina.
Hakuna anayeuliza nani aliuchora.
Huko Denizli watu husifu taulo: ulaini wake,
rangi isiyochuja hata ndani ya maji ya moto.
Chini ya sifa hizo kuna pipa la chuma
lililoshiba nyuzi na rangi,
na juu ya pipa, duara la mita moja na robo
ambalo Nurhayat Sezgin amelichora mara kumi na saba.

Mchoro wa kwanza ulikuwa na bolti ishirini na nne.
Ulipendeza kama shada.
Mhasibu akapiga hesabu ya kufungua na kufunga,
mikupuo sita kwa siku,
akaurudisha mezani bila neno.

Kufunga si kazi. Kila mtu hufunga.
Chomelea, jifute jasho, nenda zako.
Kazi ni kufunga kitu
ambacho kesho alfajiri mtu mwenye usingizi,
mwenye deni la kodi, mwenye glavu zilizotoboka,
atakifungua kwa mkono mmoja.

Mvuke ukifika bar tatu na nusu
unausukuma mfuniko kwa tani arobaini na tatu.
Hizo hazimtishi Nurhayat. Tani arobaini na tatu zina adabu:
zinanguruma, geji inazitaja, watu wanakaa mbali.
Kinachomkosesha usingizi ni kile kinachobaki
sindano ikishalala kwenye sifuri,
sehemu ya kumi ya bar,
pumzi ya mtoto anayepuliza puto,
ambayo geji kubwa haina jicho la kuiona.
Izidishe kwa upana wa mfuniko.
Tani moja na robo.
Imenyamaza. Inangoja mtu aguse komeo.

Baba yake aliligusa.

"Ulisikia nini?" alimuuliza, daftari mapajani.
Mzee Hıdır akageuza glasi ya chai kwenye kisahani
kwa vidole vitatu alivyobakiwa navyo.
"Sindano ilikuwa kwenye sifuri," akasema,
kama alivyowaambia wakaguzi, kama alivyomwambia mkewe,
miaka kumi na tisa sentensi ile ile,
nati iliyoshikana na kutu yake.

Nyumba njema si mlango, husema
wasiowahi kusimama mbele ya mlango unaotaka kuruka.

Jumapili moja alikwenda Karahayıt
kwenye chemchemi nyekundu, akalowesha miguu,
akaitazama ardhi ikitoa joto lake bila kuombwa.
Ningependa kusema jibu alilipata pale.
Alipata mafua.
Jibu lilikuwa jikoni kwa mama, siku ya maharage:
mpini wa mwiko chini ya mfuniko,
upande mmoja tu, uso pembeni,
kisha kungoja.

Basi mchoro wa kumi na saba: pete yenye meno.
Zungusha mpini, meno yanaachia nusu.
Mfuniko unainuka unene wa kidole cha mwisho, hauendi zaidi,
kulabu ya pili imeushika,
na kilichobaki ndani kinatokea nyuma, chini, mbali na macho,
kikinung'unika.
Kikiisha, mpini unakubali mzunguko wa pili.
Kabla ya hapo, hata ukiubembea kwa uzito wako wote, haukujui.

"Dakika nne kila mkupuo," alisema Bwana Tuncer.
"Ishirini na nne kwa siku."
"Ndiyo," alisema Nurhayat.
Kilichotia saini ni barua ya bima, si huruma.
Sawa. Chuma hakiulizi sababu.

Siku ya kuujaribu, mzee alisimama nyuma ya nguzo,
kofia mkononi.
Mpini ukazunguka nusu. Ukakwama.
Ssss, muda mrefu kuliko walivyotarajia wote,
na sindano, muda wote huo, kwenye sifuri.

Alitoka hatua moja. Akarudi.
Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayepita njia tu:
"Leo mmetia rangi gani?"