Pumzi ya Saab

Februari, Skellefteå. Nje, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri;
ndani, taa moja, na spana zinazouma vidole kama mbwa.
Volvo yangu ya themanini na sita imeachama, boneti juu.
Turbo yake ilikufa njia ya Boliden, majani yakipukutika:
moshi wa buluu, mluzi, kimya.

Hii ninayoifunga si mpya.
Ni ya Saab ya Sixten, aliyoiacha bandani alipoondoka,
akasema, nitaifuata Jumamosi.
Jumamosi ngapi zimepita, theluji ndiyo inayojua.

Boliti nne zimekubali, nikashangaa.
Bomba la kurudisha oili likagoma: limepungua upana wa kidole.
Nimelikata, nikaliunga kwa kipande cha trekta la baba.
Sasa gari moja lina ukoo wa watu watatu
wasioketi meza moja.

Nikampigia. Sikumsalimu. Nikasema tu: naifunga turbo yako.
"Umeijaza oili kabla ya kuwasha?" akauliza,
kana kwamba hakuna kingine kilichowahi kukauka.
Nilikuwa sijajaza. Nikajaza.

Alfajiri nikalitoa barabarani, glavu mikononi, hita mbovu.
Nikakanyaga mafuta. Kitambo, hakuna kitu.
Ndivyo alivyokuwa naye: unamuuliza, ananyamaza,
unahesabu moja, mbili,
halafu linakuja lote kwa mpigo,
mgongo umebanwa kitini,
na misonobari inakimbia kurudi nyumbani.