Sekunde Tisini na Nne

Saa ya kupimia mbio ilikuwa ya baba yake, mwalimu wa riadha:
kioo kimepasuka, kitufe kigumu kama kokwa.
Torunn Bakkedahl aliitia mfukoni mwa koti
asubuhi moja ya Duluth, baridi ikiuma hata kope,
akaketi benchi la nyuma, chumba namba tatu,
akabonyeza.

Jina. Shtaka. Dhamana. Anayefuata.
Sekunde tisini na nne.
Hata miwani yake ilikuwa haijaacha ukungu.

Hivyo ndivyo alivyoupata udaktari:
kesi elfu mbili na mia sita, kadi moja moja,
siku za mahabusu zikijumlishwa kwa penseli
kwenye meza ya jikoni, mtoto akilia,
na maprofesa wakiuliza, "Nadharia yako iko wapi?"
Akawafunulia safu za namba
kama mtu anayefunua kidonda.

Miaka kumi na saba baadaye kamati ikamwita Saint Paul.
Alikwenda na viatu vya kuazima.
Alisema: siku mia na ishirini, zisizidi.
Mikono ikanyooshwa. Ikawa kanuni.
Mstari wa chati ukaporomoka
kama mtoto atelezaye kwenye theluji,
na chuo kikaandika jina lake mlangoni kwa shaba.

Ni Verlene, karani wa masjala,
aliyemsimamisha kwenye ngazi, mafaili yamemfika kidevuni:
"Profesa, hawajaharakisha kitu.
Siku ya mia na kumi na tisa wanafuta shtaka asubuhi,
mchana wanalifungua upya.
Saa yako inaanza sifuri.
Mtu yule yule. Godoro lile lile."

Usiku ule alizirudia kadi, akisoma majina sasa.
Emmet Lussier, wizi wa bomba:
amezaliwa mara tatu ndani ya jedwali lake,
mara tatu amehesabiwa ushindi.

Aliandika kurasa kumi na moja, kichwa chake "Nilikosea."
Waliomnukuu hawajazi vidole vya mkono mmoja.

Amestaafu. Jumanne bado hupanda basi
hadi chumba namba tatu, benchi lile,
kidole juu ya kitufe.
Kijana anasimamishwa; sare ya jela imemzidi mabega,
jina lake linatamkwa vibaya, hakuna anayelirekebisha.
Anageuka nyuma, anatafuta uso anaoujua.

Torunn anauchomoa mkono mfukoni, mtupu,
anaunyanyua.