Deni Halali

Alikuja dukani ndani ya kofia ya sufu,
mtoto wa mbwa, macho yamejaa tongo,
mkononi mwa Nasambu wa Ponda Mali
niliyekuwa namdai sare tatu za shule.
"Fundi, pesa sina. Mshike huyu kwanza."
Nikamwita Deni.

Saa nne usiku Kaptembwo, stima imepotea,
upepo unateremka Menengai na baridi yake,
vumbi la ziwa linapita chini ya mlango
kama mgeni asiyejua kubisha hodi.
Nimefunika cherehani. Nimekunja futi.
Ndiyo kwanza Deni anaanza kazi.

Kitanda chake ni gunia la sukari ya Muhoroni,
juu yake mabaki yangu: kijani cha sweta,
bluu ya sketi, upindo wa suruali ya shemasi.
Anakwaruza. Kwaru, kwaru, kwaru.
Anavuta kwa meno, anasukuma kwa pua,
anazunguka mara moja, mara mbili, anasimama
kama mtu aliyesahau alichoendea chumbani,
kisha anafumua yote.
Mimi ningefumua hivyo, wateja wangenihama.

Nimeuliza. Wekulo wa buchani anasema ni nyoka:
mababu zao walilala nyikani,
na majani hayalaliwi kabla ya kukanyagwa,
hujui nani ametangulia kulala humo.
Bwana mifugo, kalamu sikioni, anasema ni jasho la nyayo:
"Anapiga mhuri. Hapa pangu."
Mpangaji wa chumba cha nyuma, msomi wa Egerton,
anasema ni joto tu, shimo hutunza joto.
Nikawashukuru wote watatu.
Hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Mwezi wa sita nikamshonea godoro.
Turubai, mshono mara mbili, pembe nne sawasawa,
sponji ya viti vya saluni iliyofungwa.
Nilimpima akiwa usingizini:
inchi thelathini na moja, mkia kando.
Alilinusa. Akanitazama
jinsi ninavyowatazama wanaonifundisha kutunga uzi.
Asubuhi sponji ilikuwa bisi sakafu nzima,
naye amejikunja guniani,
kidevu kwenye tuta lake, kiuno kwenye bonde lake.
Nikaelewa kidogo:
mimi nilikuwa nimempima mbwa aliyelala,
yeye kila usiku anaupima usingizi wenyewe.

Deni halali, nikawaambia majirani.
Wasome wapendavyo.

Agosti akazidi. Mchana, usiku, chini ya meza,
akaburuta kitenge cha Kerubo ambacho hakijakatwa,
akaichimba simenti kana kwamba ingemfungukia.
Nilimfokea. Nilimrushia kipande cha chaki.
Ndipo Jerono mke wangu akaja na mwanga wa simu,
akachuchumaa, akampapasa tumbo, akacheka:
"Fundi gani wewe, huoni nguo inambana?"

Alfajiri walikuwa wanne,
wamejaa shimoni kama vifungo kwenye kisahani,
hata mmoja hakubingirika nje.

Nasambu akaja Jumamosi
na elfu mbili mia tisa kwenye fundo la leso,
mwaka na ushei baadaye.
Akachungulia chini ya meza.
"Kumbe limezaa," akasema,
na hesabu ikatupotea sote wawili,
nani sasa anamdai nani.
Akanywa chai, akamsifu mwenye doa, akaaga.
Noti bado ziko kati ya mkasi na chaki.
Sijazigusa. Hata yeye hakuzitazama tena.

Usiku huu stima imepotea tena.
Yule mwenye doa, macho hajafumbua,
hajaona nyasi wala nyoka wala bwana mifugo,
ananyoosha mguu ambao unyayo wake
haujafikia kifungo cha koti,
anaugusa ule kijani wa sweta.
Kwaru.
Anangoja kidogo.
Anarudia, upande wa pili.